Taulo Mlangoni mwa Chumba cha Risasi

Nyie mnaobaki mnalicheka lile taulo. Najua, masikio yangu hayajastaafu. Zamani lilikuwa jeupe, sasa limefuliwa hadi limekuwa na rangi ya uji wa ulezi. Limetundikwa kwenye msumari uliopinda mlangoni mwa chumba cha kuyeyushia risasi, na karibu yake hakuna bomba wala sinki wala ndoo. Mgeni akiuliza la kazi gani, mnamjibu, "La Mama Zuhura hilo, usiliguse, atakula nyama yako." Haya. Mama Zuhura keshaondoka kazini. Niko hapa chumbani Al Garhoud, masanduku yamefungwa kamba, ndege ya kunirudisha Tanga bado siku chache, na sina wa kumla nyama. Naona bora niwaandikie habari ya taulo, na ya mtu aliyenifundisha kazi, kabla watu hawajaanza kuipotosha.

Mishahara na vyeo sitavitaja. Mshahara niliula. Cheo nilipewa kimoja pamoja na beji yake, beji ikaingia kwenye mashine ya kufulia ikatoka bila maandishi, na kazi ikaendelea vilevile.

Dubai niliingia kwa ufagio. Nilianza hoteli moja papa hapa Al Garhoud, ndege zikipita juu ya paa hadi nikazoea kuongea kwa kupiga kelele. Kisha kampuni ya usafi ikanihamishia kwenye klabu ya shabaha, nje ya mji, njia ya jangwani. Klabu ndogo ya mzee mmoja wa Kiarabu na rafiki zake wapenda magobore. Nanyi mliozaliwa juzi mnadhani gobore ni ile bunduki ya babu ya kufukuzia nguruwe shambani. Lao lilikuwa gobore la kisasa, linang'aa, lina kibali cha serikali na kufuli lake, lakini tabia ni ileile ya babu: unatia baruti kwa mdomoni, unatia risasi juu yake, unashindilia kwa ufito, unapiga mara moja, kisha unaanza upya. Niliwaona wanaume wenye magari ya kutisha wanafanya hivyo kutwa nzima na kufurahi, nikasema moyoni, ama kweli kila mtu na ukichaa wake.

Siku yangu ya kwanza niliingia chumba cha nyuma na ndoo ya maji na mopu, kama nilivyoagizwa. Nikasikia sauti.

"Simama hapo hapo! Hiyo maji rudisha nje. Nje kabisa, hata karibu na mlango sitaki."

Alikuwa mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kisogo, aproni ya ngozi hadi magotini. Mbele yake sufuria la chuma juu ya jiko la umeme, na ndani yake kitu kinang'aa kama kioo.

"Nimeambiwa nideki, baba," nikamwambia.

"Utadeki kesho asubuhi, sufuria ikiwa baridi. Saa hii maji ikiingia ndani ya hii kitu, tutaokotwa na ufagio yako."

Huyo ndiye Mzee Musyoka, Mkamba wa Machakos, fundi tangu ujana wake, Mkristo asiyekosa ibada ya Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yake ilikohamia. Akanionesha dari. Juu kulikuwa na matone ya fedha yameganda. "Hiyo ni chupa ya maji baridi ya fundi aliyekuwa hapa mbele yangu," akasema. "Chupa ilikuwa inatoa jasho, jasho ikadondokea kwa kipande ya madini, kipande ikaingia sufuria. Maji ikizama chini inageuka mvuke ghafla, na mvuke haina subira." Nikamuuliza fundi yule yuko wapi. Akajibu kwamba yuko kwao, anauza nguo, na hapendi kuulizwa.

Chumbani mle tuliita madini ile risasi ya kuyeyushwa, na risasi tukaiachia ile iliyokwisha pata umbo, tusije tukachanganyana. Madini yenyewe tulinunua kwa watu wa vyuma chakavu karibu na bandari ya Al Hamriya, mengi yakiwa vizito vya nyavu. Mzee Musyoka alikuwa anakwaruza kila kipande kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, madini ni laini, yanafaa. Ukiteleza, anakirudisha kwa muuzaji na maneno ya Kikamba ambayo muuzaji, Mhindi, aliyaelewa vizuri sana.

Nilikuwa nadeki asubuhi, kisha nabaki mlangoni kuangalia. Siku moja akanifungulia kalibu nione. Kalibu ni mapande mawili ya chuma yanayofumbatana, kila pande limechimbwa nusu ya risasi. Unafumba, unamimina kwa tundu la juu, unasubiri igande, unakata kishina kilichoganda tunduni, unafumbua, risasi inadondoka kwenye kitambaa. Alipoanza, zile za kwanza zilitoka na mikunjo, akazitupa pembeni.

"Kumbe chuma cha vitumbua!" nikasema.

"Chuma ya nini?"

Nikamweleza. Mama yangu alikuwa mpika vitumbua, na kila asubuhi vile vya mwanzo vilikuwa vinaharibika, kwa sababu chuma hakijashika moto. Asiyejua analaumu unga. Anayejua anakula vya mwanzo mwenyewe, vya kuuza vinafuata. Mzee Musyoka akavua miwani akanitazama kama aliyeniona leo. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo risasi zilizoharibika zikaitwa vitumbua. Hata nyie mnasema "rudisha vitumbua kwenye sufuria," na hakuna aliyewahi kuniuliza neno lile lilitoka jikoni kwa nani. Wiki haikwisha akaenda kwa wenye klabu, akasema anamtaka yule mama wa mopu.

Alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu. Alinifundisha kunawa kwa sabuni kabla ya kula. Mafundi wengine walikuwa wanakunywa maziwa wakidhani yanasafisha madini mwilini, naye alikuwa anawaambia, "Maziwa ni tamu, lakini sabuni ndiyo dawa." Alinifundisha kalibu ya alumini na ya chuma. Ya alumini ni nyepesi mkononi, inashika moto upesi, lakini ukiiangusha inakunja sura. Ya chuma ni nzito na mvivu wa kupata moto, ila ikiupata haiuachii. Adui yake ni hewa ya Dubai. Mwezi wa nane hapa hewa ni supu, na kalibu ya chuma ukiiacha bila mafuta asubuhi unaikuta na kutu kama sufuria la msikitini.

Na alinifundisha kuchagua. Hapa msikilize vizuri. Magobore yetu hayapigi risasi tupu. Risasi ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo inakalishwa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Kikombe ndicho kinachokamata mifereji ya mtutu na kuizungusha risasi. Vikitoka nje, kikombe kinafunguka kinaanguka, risasi inaendelea peke yake, kama mtoto aliyebebwa mgongoni hadi getini mwa shule. Risasi ikipwaya kikombeni, inatoka kombo. Ikibana, huwezi kuishindilia. Nami nilidhani kazi ni kutafuta kalibu inayotoa risasi nzuri.

"Mama, wacha urembo," akaniambia. "Kalibu unachagua kwa kikombe. Kikombe unachagua kwa mtutu. Na yote unachagua kwa bega la mwenye gobore. Anza na bega, halafu rudi nyuma."

Bega kubwa la klabu lilikuwa la Sir. Sir ndiye yule mzee mwenye klabu, na Mzee Musyoka alimwita arbab, yaani bosi kwa Kiarabu cha huku. Alikuwa mrefu, mkimya, kanzu nyeupe isiyojua vumbi. Alizaliwa Unguja, akaja huku kijana, na Kiunguja chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Kila alasiri alikuwa anatawadha pale klabuni, anakuja kututazama kidogo, kisha anakwenda kusali. Nyie mnajua kuna watu hawafuti maji ya udhu. Sir alikuwa mmoja wao. Marehemu mama yake alimwambia ayaache yakauke yenyewe, kila tone linaloanguka linakwenda na dhambi yake. Basi anafika mlangoni mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, maji yanachuruzika.

Sisi Waislamu wengine tulikuwa tunafukuzwa bila aibu. Adhana ikisikika tu, Mzee Musyoka anapaza sauti: "Wenye udhu wote, nje mpaka mkauke! Mungu anaweza ngoja, sufuria haiwezi!" Tunacheka, tunatoka. Lakini nani atamwambia arbab mikono yako ina maji? Mtu aliyeandika kibali chako cha kukaa nchini? Mtu mzima, tena anakwenda kwenye ibada? Mzee Musyoka akatafuta dawa yake. Akimwona Sir anakuja, anaweka upawa chini, anakwenda kumpokea kizingitini, na kumpa habari za mbuzi wake.

"Arbab, simama kidogo nikupe habari. Unakumbuka yule mbuzi ya Machakos, ile nyekundu? Imezaa."

"Imezaa! Wangapi?"

"Pacha, arbab. Na mmoja anakataa kunyonya."

Sir alikuwa anapenda zile habari. Anauliza maswali, anatoa ushauri, anamtaka yule asiyenyonya apewe maziwa kwa kidole. Mbuzi mmoja aliwahi kupotea siku tatu mfululizo, akapatikana kanisani. Wakimaliza, mikono ya Sir imekauka kama karatasi, anaingia, anatazama, anaondoka. Mie nilidhani ni mzee anayekumbuka kwao.

Kisha bega la Sir likaharibika. Alipasuliwa, akakaa nyumbani muda mrefu, na aliporudi alikuwa amepungua nusu. Daktari alimkataza teke la bunduki. Gobore linapiga teke, mnalijua. Binti yake mkubwa, aliyekuwa na ofisi Jumeirah Lake Towers, akaja mwenyewe chumbani kwetu na viatu vyake virefu, Sir akimfuata nyuma kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni.

"Mzee Musyoka," Madam akasema. Kiswahili alikuwa nacho, cha kurithi, kimechanganyika na cha ofisini. "Baba hali vizuri, halali vizuri, anataka gobore tu. Doctor kasema no. Nyinyi ndio mnampa risasi. Mkimpa, mnamvunja."

"Madam," Mzee Musyoka akajibu, "risasi sio moja. Nipe nafasi nitafute ingine, ndogo, yenye huruma."

Namkumbuka Madam alivyomtazama baba yake, na baba yake alivyotazama sakafu. Si kwamba alikuwa mkali, alikuwa anaogopa. "Siku ya klabu inakuja," akasema mwishoni. "Atapiga risasi tano. Nitasimama karibu yake, sitaangalia shabaha, nitaangalia uso wake. Akikunja uso hata mara moja, gobore linapanda ukutani, khalas, na wewe Baba umeniahidi."

"Nimeahidi," Sir akasema kwa sauti ndogo. Alipoondoka nilimwona Mzee Musyoka ameshika meza kwa mikono miwili. "Zuhura," akasema, "huyu mtu tukimkosesha hii, atakufa akiangalia ukuta."

Tukaanza na bega, tukarudi nyuma. Kalibu aliyoizoea Sir ilitoa risasi ndefu, nzito, inayopiga pahala pamoja kama imefundishwa. Mzee Musyoka aliipaka mafuta akairudisha kabatini bila neno. Tukajaribu ya risasi ya duara, nyepesi kabisa. Teke lilipungua, ndiyo, lakini ile gololi ilikuwa inazungukazunguka kikombeni, na kwenye ubao wa shabaha matundu yalisambaa kama mtama uliomwagwa. Tukajaribu nyingine, fupi, kitako chake kimechongwa mteremko. Yenyewe ilidondoka kwenye kalibu bila kugongwa, raha tupu kwa mpikaji. Lakini kikombe kinataka kitako bapa cha kukalia, na hii ilikuwa inalala upande. Hapo tukapoteza na vikombe vyetu pia, kwa sababu mtu mmoja alivisahau ndani ya gari juani, vikalegea kama mshumaa. Tangu hapo vikombe vikakaa stoo yenye ubaridi, na bado vinakaa.

Ya mwisho ilikuwa kalibu kuukuu ya chuma, ya tundu moja tu, mvivu, iliyokuwa chini ya kabati. Risasi yake fupi, nene, pua pana, kitako bapa. Niliikalisha kwenye kikombe ikatulia kama yai. Fundi wa baruti, ambaye chumba chake ni mbali na chetu na ndivyo inavyotakiwa, akapunguza kipimo chake. Mzee Musyoka akasema bega lake na la arbab ni rika moja, akaenda kupiga yeye mwenyewe, bila mto wa begani. Alirudi ameshika bega, analipapasa, anasikiliza.

"Hii haipigi," akasema. "Hii inasukuma tu, kama mtu anakuomba upishe njia." Na ubaoni matundu matano yangefunikwa na kiganja cha mtoto. Nilipiga kigelegele mle mle ndani, watu wakadhani kuna harusi.

Siku moja kabla ya siku ya klabu tulikuwa tunamimina risasi za Sir. Tundu moja, risasi moja moja. Alasiri ikaadhiniwa. Mzee Musyoka alinituma stoo nilete vikombe nipime. Kwa hiyo nilikuwa narudi ukumbini nilipomwona Sir mbele yangu anaingia chumbani. Mikono imekunjwa, maji yanadondoka hadi sakafuni. Furaha ilikuwa imemshika, hakutembea hivyo tangu apasuliwe. Na Mzee Musyoka alikuwa katikati ya kumimina, kalibu mkono huu, upawa mkono huu, mgongo ameupa mlango.

"Bwana Musyoka! Nasikia mmeipata! Ngoja nkusaidie, yakhe."

Vitumbua vilikuwa vimelundikwa pembeni ya sufuria. Sir alijua vinakorudi, alishaona mara nyingi. Akavichota kwa viganja viwili, na maji ya udhu yakajaa humo pamoja navyo. Niliita "Sir!" Yeye alishafika juu ya sufuria.

Mzee Musyoka aligeuka. Hapakuwa na nafasi ya mbuzi. Aliachia kalibu, akamsukuma arbab kwa kifua, na mkono wake ukapita juu ya sufuria kuvizuia vile vitumbua. Vingine alivizuia. Vingine viliingia. Ikalia paa! Chumba kizima kikang'aa. Sir alikuwa amekaa chini, mzima, kanzu imetoboka upindoni tu. Mzee Musyoka alikuwa amesimama, na mkono wake wa kulia kuanzia kwenye kiwiko ulikuwa umevaa madini.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Arbab, umeumia?"

Sir akanyanyua kichwa. Alitazama ule mkono, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Mie nilikuwa nalia, nazima jiko, sijui nimeanza na lipi.

"Mikono yako ilikuwa na maji, arbab," Mzee Musyoka akasema, taratibu, kama anayeomba radhi.

"Siku zote nakuja hivi! Kwa nini hunambii?"

"Nilikuwa nakuambia. Wale mbuzi…"

"Mbuzi wamefanya nini?"

"Sina mbuzi, arbab. Sijawahi fuga mbuzi maishani."

Hapo ndipo nilipoelewa, na Sir akaelewa pamoja nami. Wale pacha, yule asiyenyonya, yule aliyepotea akapatikana kanisani, wote walikuwa taulo. Miaka yote ile mtu alikuwa amemkausha mwenzake kwa maneno, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kusema neno moja la kweli. Sir alijifunika uso. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote.

Hospitali walimfunga bendeji hadi begani, na siku ileile, kabla ya magharibi, akawa karudi, ingawa kila mtu alimwambia akalale. Sir alikuwa amekaa nje ya mlango, anamsubiri. "Sipigi kesho," akasema. "Gobore lende ukutani. Nimeshaona thamani yake."

"Ukiacha kupiga, arbab, mkono yangu imeungua bure," Mzee Musyoka akamjibu. Akanigeukia. "Zuhura, washa jiko."

Mie sikuwahi kumimina risasi za Sir. Nilikuwa namimina za mazoezi tu. Mzee Musyoka alikaa kwenye kigoda, mkono umening'inia shingoni, akawa ananiongoza kwa kidevu. Kwanza kalibu, maana ilianguka juu ya saruji. Niliifumba nikainyanyua kwenye taa tutazame kama mwanga unapita kati ya mapande. Giza tupu. "Chuma," akasema, na nilisikia roho yake inashuka. "Alumini ingekuwa imetuacha leo." Nikamimina. Vitumbua vikatoka, nikavitenga. Kidevu kikapanda, nikajua sufuria halijashika moto. Kidevu kikatulia, nikamimina tena. Ilipotoka ya kwanza iliyo safi, kitako bapa, kingo kali, niliweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaniambia, "Mama yako alikuwa fundi." Nami nikaanza kulia tena, na kulia karibu na sufuria ni marufuku, kwa hiyo nikatoka nje.

Siku ya klabu Madam alisimama pale alipoahidi. Sir alishindilia mwenyewe, polepole, akaweka gobore begani. Nilikuwa nimemshika Mzee Musyoka mkono ule mzima, sijui nani alimshika nani. Risasi ya kwanza ikatoka. Madam hakupepesa. Ya pili, ya tatu. Uso wa Sir ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza habari njema kwa mbali. Ya nne. Ya tano ilipotoka watu walipiga makofi kwa sababu ya ubao, lakini Madam hakugeuka kuutazama ubao.

"Baba, inauma? Wallahi usinifiche."

"Bega haliumi," Sir akasema. Akaweka gobore mezani, akatunyooshea kidole tulipokaa. "Kinachoniuma mie kiko pale, kimefungwa bendeji."

Madam alikuja kwetu na viatu vyake virefu kwenye mchanga. Alichuchumaa mbele ya Mzee Musyoka, akaitazama bendeji, akainuka. Gobore halikupanda ukutani. Sir alipiga mpaka macho yake yalipokataa, na hiyo ilikuwa miaka mingi mbele.

Siku chache baada ya siku ya klabu, Sir alikuja alasiri na taulo jeupe la kwake nyumbani, nyundo na msumari. Alikataa kusaidiwa. Msumari aliupinda, na ndio huohuo mnaouona. Kisha akatawadha, akaja mlangoni, akajifuta mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, yale maji ambayo mama yake alimwambia asiyafute. Akamnyooshea Mzee Musyoka mikono, viganja juu, kisha viganja chini.

"Nikague."

"Arbab, haifai."

"Nikague, yakhe. Wala usinipe habari za mbuzi."

Mzee Musyoka akamkagua. Alisema, "Kavu," akampisha aingie. Tangu siku hiyo, kila alasiri, mwenye klabu alisimama kizingitini kunyoosha mikono mbele ya mfanyakazi wake, wageni wakiwapo au wasiwapo. Mabwana wakubwa waliona, wakajifuta nao. Nimefanya kazi na watu wengi mjini hapa, na wale wawili pale mlangoni ndio ninaowabeba kwenda nao nyumbani.

Mzee Musyoka alipostaafu, alifika kwao Machakos akakuta mbuzi wawili wamefungwa uani, mmoja mwekundu. Alinipigia simu. "Zuhura, mwambie arbab wamefika. Sasa mimi sio muongo tena." Yeye na Sir, wote wawili wametangulia mbele ya haki, kila mmoja kwa njia yake. Mungu awalaze pema.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike. Juzi nilikuja kuaga. Atieno, uliyerithi kalibu zangu, ulikuwa unamimina. Nilikuwa nimetoka kutawadha, nikasimama kizingitini, sijainua hata mkono kulishika taulo. Ukanitupia jicho, ukaona maji yanachuruzika, ukaweka upawa chini ukaja mbio.

"Mum, simama hapo kwanza nikushow story. Unajua nyanya yangu kule Siaya ako na ng'ombe mmoja, huyo ng'ombe ni kisirani, wiki jana si akaingia kwa duka ya…"

Nilikusikiliza mpaka ng'ombe akala sukari. Kumbe heshima ya namna ile inarithiwa bila kufundishwa. Na kumbe hujui kwamba mtu aliungua mkono ili wewe usihitaji ng'ombe. Nikachukua taulo, nikajifuta, nikakunyooshea mikono yangu, viganja juu, kisha viganja chini.

"Atieno, nyanya yako ana ng'ombe?"

Ukatazama chini. "Hapana, Mum. Anaishi town."

"Basi sema."

"Mikono ilikuwa na maji, Mum."

"Na sasa?"

Ukaishika kwa vidole viwili, ukaigeuza, ukaitazama vizuri. "Imekauka. Ingia."